Viatu vya Mbaruku

Nyuma ya dobi, Ruwi, mashine zinapotemea joto ukutani,
ndipo tulipomkuta, Januari, amejibanza
kama paka anayejua saa za jiko.
Miaka tisa, kwa kukisia.
Karatasi hana. Mama alikuwa na jina,
likabaki kwa kafili pamoja na pasi yake.
Mchana aliosha vioo vya magari kwenye taa:
baisa mia ukibahatika, honi usipobahatika.

Nina vyumba viwili Barabara ya Honda, juu ya duka la betri.
Vilikuwa ghala la mazulia la marehemu mume wangu,
bado vinanuka sufu mvua ikinyesha,
yaani mara mbili kwa mwaka.
Magodoro kumi na moja. Ubao mmoja. Sufuria ya Ghaniya,
asiyepima chumvi wala maneno.
Jumatatu huja Thuwaiba, nesi, na kitana cha chawa,
na Devassi fundi, anayetengeneza kiyoyozi bure;
ndiyo maana hakijapona.

Mgeni siku mbili.
Ya tatu sikuwa na jembe, nikampa penseli.
Akaivunja katikati, nusu akaitia mfukoni.
"Ya kesho," akasema.

Dada yangu wa Barka kaniuliza kwa simu:
"Zuwena, watoto wa watu watakufaa nini?"
Dada, umesahau. Ulikuwa mchanga, ukibebwa.
Mimi nilishuka Maskati na miaka kumi na moja,
nimetoka Wete, sijui hata kuomba maji kwa Kiarabu.
Nikakalishwa na watoto wa miaka sita,
magoti yanagonga dawati,
kicheko kila nikifungua kinywa.
Mwalimu mmoja, jina lake limenitoka, na hilo linaniuma,
alinishika kidole akakiburuta juu ya alifu:
"Mstari tu huu, umesimama. Haya, tena."
Basi. Deni hilo silipi kwake, nalipa nilipofikia.

Ofisi ya elimu: dirisha, kijana wa kofia iliyodariziwa vizuri.
Jina la baba? Halijulikani.
Kabila? Halijulikani.
Kitambulisho?
"Nina mtoto," nikasema, "yuko nje, anahesabu magari yenu."
Akacheka, hakuwa mbaya. Akaniambia nirudi Jumapili.
Nimekwisha rudi Jumapili saba.
Faili limenenepa kumshinda mwenyewe.

Lakini nilitaka kusema habari ya viatu.

Alilala navyo.
Raba za kuokota, namba arobaini,
ncha kazijaza magazeti ili mguu usipotee ndani.
Godoro aliliacha, akajilaza kizingitini,
mgongo kwenye mlango, kamba fundo mbili.
Ghaniya akataka kumvua akiwa usingizini. Nikamshika mkono.
Kuna usiku mmoja alioukimbia peku
na sisi hatuujui.

Machi akasogea mkekani.
Aprili, ukingo wa godoro, nusu mwili nje.
Mei akaandika jina lake, ile *ka* ikampiga chenga,
akafuta hadi karatasi ikatoboka,
akachungulia tundu, akaniona upande wa pili,
akacheka. Jino moja la mbele halipo.

Juni, alfajiri, naamka kuswali,
nikavikuta mlangoni, safu moja na vya wenzake,
cha kulia kushoto, cha kushoto kulia.
Kiyoyozi cha Devassi kimedondoka usiku kucha
ndani ya kimoja, pomoni.

Sikuvigusa.
Nikaswali, nikakosea rakaa, nikarudia.

Saa moja nikasikia kelele:
"Nani kanimwagia maji kiatuni?
Kila siku hiki kiyoyozi! Humu ndani hamna fundi?"
Akagomba na Ghaniya, akagomba na ukuta,
akala chapati mbili huku anagomba,
mguu mmoja mkavu, mmoja unafyonza sakafu,
kama mwenye nyumba.