Maoni Kutoka Dirisha la Tatu

Mmetuandikia, wanakamati,
tutoe maoni kuhusu orodha ya dawa,
kurasa zisizozidi mbili, kabla ya Ijumaa.
Mimi ni Rispa Akelo, mfamasia, Kisumu,
dirisha la tatu, lile lenye ufa.
Ukurasa mmoja utanitosha.

Jumatatu alikuja Zablon Odeny wa Chemelil.
Miaka thelathini na mmoja alikata miwa;
sasa sukari inamkata yeye,
imeanzia kidole gumba, mguu wa kushoto.
Insulini yake huilaza ndani ya chungu,
kwenye mchanga uliolowa, mvunguni mwa kitanda,
na humwamkia kila asubuhi kama mgeni.
Nikaandika nambari yake. Mashine ikawaza.
Ikasema: siku kumi na nne, basi.
Nauli, kuja na kurudi, ni kuku mmoja.
Kuku ishirini na sita kwa mwaka
ili mtu apewe dawa ya bure.
Nimelipekua jedwali lenu la gharama
juu hadi chini. Kuku hamna.

Sipingi orodha. Liandikeni hilo kwa wino mzito.
Nimemwona daktari akiandika jina la kampuni
kwa kalamu ya kampuni hiyo hiyo,
nami kabatini nina tembe ile ile,
nyeupe, isiyo na jina kubwa, kwa robo ya bei.
Hutoa hiyo nyeupe, na mkono hautetemeki.
Muuza omena wa Kibuye aliigeuza kiganjani:
"Mbona ya leo haina rangi?"
Nikamwambia, damu yako haina macho, mama.
Akacheka. Presha yake imeshuka.

Lakini hili neno lenu, kibali.
Laventa ana miaka tisa na selimundu.
Dawa yake imo orodhani, ukurasa wa arubaini,
ila ina nyota ndogo kando,
na nyota hiyo maana yake ni: ngoja.
Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo;
hawakuwahi kuisikia mifupa.
Tuliomba Alhamisi. Kilifika Alhamisi ya pili,
kimepigwa muhuri, kimekubaliwa, kizuri kabisa,
halali kwa siku thelathini.
Ninacho hapa.
Mtoto yuko wadi ya tano, ameuma shuka.

Mnauliza, kifungu cha nne:
je, umewahi kukiuka utaratibu?
Ndiyo.
Jumatatu hiyo hiyo nilimpa Zablon siku ishirini na nane
nikaandika kumi na nne.
Zilizozidi nimezilipa kwa mshahara wangu,
risiti nimeambatisha,
kwa hiyo hesabu yenu iko sawa, ni yangu tu iliyopinda.
Sijisifu. Nyuma yake kulikuwa na watu sitini
na sikuwa na mishahara sitini.
Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Msimamo wangu basi, kwa kuwa mmeuomba:
dawa ya mwezi kwa ugonjwa wa maisha.
Nyota ziondoke kwa watoto.
Orodha ibaki, lakini atakayeitunga
aketi kwanza dirishani hapa, siku moja ya mwisho wa mwezi,
na asije na chakula.

Jambo la mwisho silo la kisera.
Zablon alimtuma mjukuu wake leo
na kuku ambaye hakulazimika kuuzwa.
Nilimkataa; mjukuu akamwacha na kukimbia.
Yuko chini ya kaunta, miguu imefungwa kwa sisali,
ananitazama nikiandika.
Sasa hivi ametaga.
Fomu yenu ina safu kumi na mbili.
Nielekezeni, yai hili nilijaze wapi.