Hesabu ya Julai

Wote wamekwenda Salala.
Zahran ananitumia picha za ukungu:
ngamia amelowa, mlima umejifunika kijani
kama bi harusi asiyejua kiasi,
na chini ameandika, "Uko wapi, we mtu?"

Niko Ruwi. Nyuzi arubaini na sita kivulini,
na kivuli chenyewe ni cha nguzo ya taa.
Niko ghorofa ya tatu, chumba cha seva,
mahali pekee Maskati nzima panapodai sweta,
nalinda mashine zisishikwe na homa
huku mafua yananitoka mimi.

Mshahara uliisha tarehe kumi na mbili.
Nilinunua kadi ya picha ya kompyuta.
Usiniulize bei. Mama naye hajaambiwa.
Yeye hupiga simu kila magharibi:
"Mundhir, toka nje japo mara moja,
umekauka mbele ya kioo hicho kama ng'onda."

Basi nikafungua jedwali.
Safu ya kwanza nikaiita starehe, ya pili baisa.
Kwenda Sib kwa basi na kurudi bila kushuka,
kiti cha nyuma, baridi ya bure usoni.
Kunusa maembe ya Pakistani dukani
mpaka mlinzi akohoe: sifuri.
Bahari ya Qurm saa tano za usiku,
maji vuguvugu, chai iliyosahauliwa na mwenyewe:
sifuri pia, ukiacha kandambili moja
iliyochukuliwa na wimbi, sikuiombea risiti.

Ijumaa ikabaki riali moja kasoro.
Nikashuka na kikombe cha karaki, baisa mia,
nikakuta uwanja wa kuegesha magari umegeuka kiwanja.
Kriketi. Kreti ya soda ndiyo wiketi,
mpira wa tenisi umefungwa utepe wa umeme,
Shaukat wa matairi anakuja mbio kutoka gizani
kama aliyedaiwa.

Irfan kinyozi akanitazama miwani.
"Wewe mtu wa kompyuta. Shika chaki."

Nikashika. Nguzo ya jengo ikawa daftari langu.
Nikaandika vizuri, wallahi, mistari imenyooka,
mpaka Biju alipoupiga ule mpira
ukavuka gari la mkate, ukavuka sheria zote,
na moshi wa mishkaki ukanijia wakati huohuo
kutoka ng'ambo ya barabara.

Arubaini na saba, ongeza sita.
Mimi, ninayezipangia mashine elfu anwani zao
kabla hujafumba jicho,
nikaandika sitini na tatu.

Lo! Nilizomewa kwa Kiurdu,
kwa Kimalayalam, kwa Kibangla,
Kiarabu kikaja na mikono yote miwili.
Nami nikajitetea kwa matusi mawili ya Kiswahili,
ya bibi yangu, ndiyo urithi niliopata,
maana shamba lilikwenda kwa ami.

Kicheko kikapasuka nyuma ya moshi.
Mwanamke mwenye kipepeo, jasho kidevuni,
Kiswahili chake cha Bujumbura, kirefu, kimepoa:
"La kwanza nimelisamehe, mwanangu.
Hilo la pili halitamkwi mbele ya nyama."

Nikavuka barabara kuomba radhi.
Radhi ilikuwa mishkaki mitatu, baisa mia sita,
pilipili ya ukwaju juu yake,
na hakunipunguzia hata baisa moja.

Tukala tumekaa kwenye ukingo wa njia,
saruji bado moto kama tumbo la chungu.
Nani alishinda? Mpaka leo wanabishana.
Sitini na tatu imekatwa mkato mmoja mnene,
hamsini na tatu imeandikwa pembeni
kwa mkono wa Irfan, hauniamini tena.

Nikampiga picha nguzo, nikamtumia Zahran.
Akajibu: "Ukungu uko wapi?"

Jumapili nimerudi kwenye baridi yangu.
Seva zinanguruma, hakuna aliyeugua.
Kitufe cha sita kina alama ya chaki.
Nina kitambaa. Sijakifuta.