Sahihi

Kadutu hakuna mahali pa kusimamisha ngazi.
Kilima kinatelemka chini ya kila kitu:
chini ya meza za sabuni, chini ya kanisa,
chini ya mama anayepanga nyanya mafungu mafungu
na kila fungu lina moja inayotaka kubingirika.
Kwa hiyo mguu wa kulia nauweka udongoni,
wa kushoto juu ya jiwe,
na jiwe lenyewe nalitafuta upya kila kazi.

Mimi ndimi Zihalirwa, mchora vibao.
Kutoka Nyawera mpaka Bagira
simba wote kwenye milango ya vinyozi ni wangu,
na vichwa vyenye panki, na viatu vinavyotabasamu.

Jumanne nilimchorea Nabintu, mshonaji.
NABINTU MSHONO SAFI, alitaka iandikwe hivyo,
kwa buluu ya ziwa saa nne asubuhi
mvua ikishakatika.
Nikampa buluu hiyo hiyo. Kisha chini yake,
kwa nyekundu, nikaweka jina langu,
na mkono ulipoianza Z haukujua pa kukomea.

Akatoka na sindano mdomoni. Akatazama.
Akaitoa sindano, akaichomeka kwenye ukosi.
"Ni kizuri," akasema. "Ila wateja wakija
wakimuulizia Zihalirwa, niwaambie ameenda wapi?"

Usiku ule tulilala wanaume wawili
ndani ya ngozi moja.
Mmoja anapiga kifua: nani aliyeufundisha mtaa huu kusoma rangi?
Mrudishie franka zake! Kibao kipasue kuni!
Wa pili, mpole,
anayeongea kama mtu aombaye njia katikati ya ibada,
akasema: futa. Futa lote. Jina la nini?
Maji ya Ruzizi yana jina la nani juu yake?

Nilikaribia kumfuata. Sauti yake tamu.
Lakini namjua na huyu.
Ndiye aliyemchorea mwenye farmasi miezi mitatu
bila kudai, kwa sababu bwana yule alijua kucheka vizuri.
Ndiye aliyemwambia mwalimu wa Cibalonza, binti yetu,
"karo iko njiani,"
na njia yenyewe haikuwepo.
Upole wake, nikiuchokonoa kwa ukucha,
chini kuna rangi nyingine: woga.
Na yule mwenye kifua, nilipomchokonoa,
woga ule ule,
umepakwa mara mbili.

Nikacheka gizani. Mke wangu akauliza, nini?
Nikasema, wanagombana.
Akasema, waambie walale,
na wewe sogea, umenivutia blanketi lote.

Asubuhi nikarudi na petroli kidogo na kitambaa.
Nikatafuta jiwe. La jana mtu amelichukua.
Nikapanda.
Lugha yetu ina ujanja wake:
sahihi ni jina chini ya kazi,
sahihi ni kitu kilichokaa inavyopasa.
Miaka kumi na tisa natia ile ya kwanza
nikidhani nimeshatia zote mbili.
Nikafuta nyekundu taratibu;
Z ilitoka kwa shida kuliko herufi zote.
Kisha pembeni kabisa nikalirudisha jina,
ukubwa wa maharage manne,
na namba ya simu,
maana hata mpole anakula.

Nabintu alipita chini na pasi ya makaa.
Aliinua macho, akaipuliza pasi, majivu yakaruka,
akaingia ndani kazini kwake.

Sikushuka mara moja.
Juu kule palikuwa kimya
kama cherehani mguu ukiinuka kwenye pedali.
Mvua ilikuwa inakusanyana upande wa Idjwi
na rangi ilihitaji saa moja tu.
Chini, jiwe likacheza kidogo.
Ngazi ikaliuliza kitu.
Likajibu.
Vikatulia.