Usifunue

Umeme ulikatika saa tano, Isevya nzima,
nami nimeshika kifuniko, nataka maji ya baridi.
Shangazi Nyanzala akaniwahi mkono:
"Usifunue! Ukifunua, ubaridi unatoroka."
Akatandika juu ya friza mablanketi mawili,
gunia la katani, kanga yake ya kuendea misibani,
na juu kabisa akapachika kinu.
Ndani migebuka ya Kigoma, mkia kwa kichwa,
iliyoshuka na treni ya usiku.

Miaka sita nimeshindwa kumweleza kazi yangu.
Nachunguza udongo, nilimwambia.
"Udongo? Huu wa Tabora umekwisha, hata ukapande ndege?"
Ni udongo wa kaskazini, Shangazi, ulioganda,
haujayeyuka tangu kabla ya bibi wa bibi wa bibi.
Akatema ganda la karanga.
"Nani analima huko?"
Hakuna.
"Sasa unaupimia nini?"

Hapo Kiswahili changu kilikwama.
Ukisema theluji, siyo. Ukisema barafu, siyo.
Ni ardhi: mchanga, tope, mizizi,
majani ya kale ambayo hayakupata nafasi ya kuoza,
vyote vimeshikana kama zege na nondo.
Tunaitoboa kwa keekee ndefu kunishinda,
kinatoka kipande kama pingili ya muwa,
nakiandika namba upesi
kabla vidole havijasahau kuwa ni vyangu.

Siku ya kwanza waliponipandisha helikopta
nikatazama chini, nikacheka peke yangu.
Wenzangu wakadhani baridi imenipanda kichwani.
Kumbe naiona mbuga ya mpunga ya Sikonge,
mwezi wa kumi, udongo mweusi umepasuka
pembe kwa pembe, kama gamba la kobe.
Kaka yangu Mahona alidondosha goroli kwenye ufa,
nikazamisha mkono hadi begani, sikuipata,
nikapata ubaridi tu, chini kule, kiganjani.
Hapa mpasuaji ni jua. Kule ni baridi.
Mchoro ule ule.

Saa tisa, umeme bado.
Tone la kwanza likajitokeza chini ya friza,
likasita, likaita wenzake.
Shangazi akapiga goti na tambara.
Kisha harufu, nyembamba, ya kujificha,
na inzi mmoja aliyejua kabla yetu.

"Shangazi," nikasema, "kazi yangu ni hii."
Akageuza shingo.
Hii hapa. Friza kubwa kuliko nchi.
Hakuna aliyefunua, lakini joto limepata njia,
vilivyolala vinaanza kuoza, vinapumua,
pumzi inapanda juu, inazidisha joto,
joto linarudi kuongeza ufa.
Mimi ndiye yule anayepiga goti,
ila sina tambara, nina kipimajoto.

Akanyamaza muda mrefu kwa mtu wa maneno kama yeye.
Kisha: "Na umeme wa huko, nani kaukata?"

Nilikuwa na jibu la kurasa mia mbili.
Nililitafuta mdomoni, nikaokota gunia.

Jioni aliuza kwa bei ya hasara,
akakaanga waliobaki, mtaa mzima ukanukia,
mama Kasanda akaja na bakuli bila kuitwa.
Saa tatu taa zikarudi, watoto wakashangilia,
friza ikatetemeka, ikaanza kuguna.
Nikainua samaki wawili waliosahaulika pembeni,
laini, macho yameingia ukungu.
Nigandishe tena?

"Tupa," akasema, anaosha kikaango.
"Akishayeyuka ukamgandisha, si yule tena."

Nikafungua daftari la kazini,
nikaiandika sentensi yake
chini ya vipimo vya mwezi wa saba,
na jina lake, na tarehe,
kama tunavyoandika kila sampuli.