Safu ya Maoni

Oktoba, siku za maleleji, upepo haujui uende wapi.
Mdomo wa Sabaki umejaa bamvua
na maji ni mekundu, udongo wa mashamba ya bara
ambao wenyewe hawatauona tena.
Taa za Malindi zimebaki kusini, hafifu,
kama mtu amesahau kuzima jiko.

Kazi yangu ni daftari.
Sishiki ndege. Viganja vyangu vina jasho,
na Chengo anasema ndege hapendi mkono unaofikiri.
Yeye aliwanasa tangu utotoni, Mambrui, kwa ulimbo,
akawachoma na chumvi.
Leo anawanasa kwa wavu usioonekana,
anawavika pete, anawaachia,
na bibi yake hachoki kumwuliza:
"Sasa hiyo, mjukuu wangu, ni kazi au ni toba?"

Kiboko anapiga chafya mtoni. Tunanyamaza.
Mifuko imetundikwa kwenye kamba;
Mbeyu aliishona kwa kanga kuukuu,
kwa hiyo kila ndege hungoja gizani
ndani ya nusu ya methali.
Huyu ametolewa kwenye "Usisafirie nyota",
mwenzio amebaki upande wa pili wa mkasi.

Kitwitwi. Mtu mzima.
Bawa, tisini na nane.
Tunampima kichwa chini ndani ya kopo la poda,
miguu juu, hana aibu, hana hasira:
gramu ishirini na mbili,
pungufu ya andazi.

"Ana pete tayari."
Chengo amesema kwa sauti ya mtu
aliyekuta noti kwenye koti la zamani.
Pete ni yetu. Chumvi imeila,
anaigeuza chini ya taa nyekundu, anasoma polepole:
nne, saba, saba, moja, saba.

Nafungua sanduku la bati, natoa daftari la zamani,
napekua kwa kidole kilicholoa.
Ukurasa wa kumi na tisa. Oktoba, miaka minne nyuma.
Mwandiko wa Nyevu.
Saba zake zina mkanda kiunoni,
sijaona mwingine anayezifunga hivyo.
Na kwenye safu ya maoni, nyembamba kama ukucha,
ameandika: *Ameninyea. Eti bahati.*

Nyevu yuko Dammam, nyumba ya watu.
Mkataba wa miaka miwili unaingia wa nne.
Pasipoti iko kabatini, ufunguo si wake.
Mwezi wa tano alituma picha ya dirisha,
bila neno.

Chengo ndiye ajuaye njia: kutoka barafu ya Siberia,
kando ya Kaspi, juu ya Ghuba, usiku,
bila ajenti, bila kupimwa damu, bila alama za vidole.
Mara nane amepita juu ya paa lile,
au jirani na paa lile, au hakupita kabisa.
Daftari halisemi, nami siruhusiwi kukisia.

Wahenga walisema ndege mwigo hana mazoea.
Basi wahenga hawakuwa na daftari.
Huyu amerudi kwenye fungu lile lile la mchanga,
hatua arubaini kutoka nguzo ile ile.

"Andika," Chengo ananiambia. "Tusimchoshe."
Naandika tarehe, saa, bawa, uzito.
Saba zangu nazifunga mkanda.
Nafika safu ya mwisho, kalamu inagoma.

Ndipo ananiletea ngumi yake.
"Fungua mkono tu. Usimrushe, hajazoea kurushwa."
Akakaa kiganjani kuliko nilivyodhani,
moto, mwepesi, moyo ukikimbia
mbele ya hesabu yangu yote.
Kisha mkono ukawa mtupu.
Si mtupu kabisa.

Kwenye safu ya maoni nikaandika: *Na mimi pia.*
Sikunawa mpaka kulipokucha.