Subira Haivuti Pikipiki

Ilikata roho mlimani, saa tisa na dakika kumi.
Ilishuka nusu nota, kisha nusu nyingine,
kisha ikanyamaza kama mgeni aliyekumbuka deni.
Kazi yangu ni kutengeneza sauti za piano;
sikio langu halidanganyiki: hiyo si kiu ya petroli.
Ni koili, au waya, au umri.
Umri tunao, mimi na yeye.

Nikapiga simu. Nalipa pauni tisini na sita kila mwaka
nisije nikasimama hivi kando ya lami,
helmeti mkononi kama bakuli la ombaomba.

"Simu yako ni muhimu sana kwetu."
Ukaja muziki. Filimbi, mapigo manane,
manane yaleyale, tena yaleyale,
na nota ya nne imelegea.
Jamani, imelegea!
Hakuna hata mmoja humo ndani mwenye sikio?

"Jina?" Eirwen Prosser. "Rudia." Eirwen.
"Gari lako la rangi gani?"
Si gari, ni pikipiki.
"Sawa. Ina milango mingapi?"

Nikamwambia nilipo: juu ya Llanfair, penye zizi la mawe.
Sasa, Llanfair ni jina kama Mtoni,
huku Wales kila bonde lina yake.
Nikamtajia mto. Nikamtajia namba ya barabara.
"Nimeshakuona kwenye ramani," akasema,
na lori la kwanza likaenda Llanfair ya kaskazini,
mwendo wa saa mbili kutoka hapa.
"Dereva anasema hakuoni."
Na mimi simwoni. Hapo angalau tukakubaliana.

La pili lilifika, mvua nayo imefika.
Akashuka kijana, Macsen, jina limeshonwa kifuani,
akaizunguka pikipiki mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe.
"Niliambiwa gari."
Mikanda hana. Ubao wa kupandishia hana.
Kuifunga kwa kubahatisha, bima haimruhusu.
Alikuwa mpole, sikatai; alinipa biskuti mbili
akaondoka na lori lake refu, tupu,
ungeweza kuchezea dansi mle.

Filimbi tena.
"Dakika arobaini."
Baada ya saa nzima: "Dakika arobaini."
Dakika zao hazizeeki.
"Tunaomba uwe na subira, mama."

Subira huvuta heri. Haya, na iivute.
Lakini kilo mia mbili na kumi za chuma,
gurudumu la nyuma limegoma,
na mfuko wa vifaa vyangu umelowa hadi sufi za nyundo,
na kesho saa nne kuna harusi, bibi harusi anangoja piano:
hizo subira haivuti.

Aliyesimama ni Emlyn Bebb, anatoka mnadani
na tela la kondoo. Hakuuliza milango.
Alitazama juu, akatazama pikipiki, akasema, "Inaingia,"
ikaingia, katikati ya madume mawili
waliosogea kidogo, kwa adabu
ambayo tangu saa tisa sikuipata.
Akaifunga kwa kamba ya marobota ya majani,
mafundo ambayo hakuna chuo kinachoyafundisha.

Saa tano usiku, mlangoni mwa kanisa,
nanuka kondoo, natafuta swichi ya taa,
simu ikalia: "Tumefurahi kukuhudumia!
Tupe nyota, moja hadi tano."
Mawingu yalikuwa yamepasuka. Nyota zilijaa.
Nikazihesabu kidogo, nikaona hakuna ya kwao.

Nikafungua piano. Nikaanza katikati, kama kawaida,
nakaza, nasikiliza, nakaza.
Ndipo nikajisikia naimba puani
ile filimbi, mapigo yote manane,
na nota ya nne nimeilegeza vilevile kama wao.
Nikasimama pale, ufunguo mkononi,
sijui sasa nikaze ipi.