Vinundu vya Salahuddin

Viatu vyangu vya safari vina soli nyembamba.
Mwanangu Nasri hajaelewa mpaka leo kwa nini nilivikataa vile vinene
alivyoninunulia Seeb, laini kama godoro.
Mwanangu, kwa soli nene sisomi.

Kituo cha Salahuddin, Dubai, mlango wa chini:
hapa sakafu inaanza kusema.
Mifuo mirefu: twende. Mifuo: twende.
Vinundu vya mviringo: simama, hapa pana jambo,
ngazi, au lifti, au njia panda.
Naisoma kama nilivyosomeshwa juzuu,
kwa kigugumizi, hatua, herufi, hatua,
mpaka fimbo ikagonga: kwa!

Ubao.
Ubao wa kutangazia manukato
umesimama juu ya njia yangu kama mwenye nyumba.
Mwenye macho haambiwi tazama, walisema.
Basi aliyeuweka huu aliambiwa nini?

Mtu akanidaka mkono, akanivuta.
Hakusalimu. Alinivuta kama begi lililosahauliwa.
Nikamwambia kwa Kiarabu: ndugu, mimi si mzigo, nina tiketi.
Akaniacha pale pale,
na sasa sijui niliingilia wapi.

Nikanung'unika, kwa lugha ya nyumbani,
ile ya mama, ya Malindi ya Unguja,
nikidhani hakuna wa kuisikia.
Sauti ikajibu, Kiswahili cha bara kile, cha Kitui labda:
"Mama, nikupe kiwiko, ama fimbo inatosha?"

Ama!
Miaka sita tangu presha iniibie macho
watu wamenipa pole, wamenipa dua, wamenipa viti nisivyoviomba.
Huyu ndiye wa kwanza kunipa la kuchagua.

Anaitwa Mwende. Zamu yake yaisha saa nne ya usiku.
Ndani ya lifti nagusa nukta za vitufe;
juu ya moja mtu kabandika bigijii.
"Ngoja," anasema, na nasikia ukucha wake ukikwangua.

Jukwaani upepo baridi unaitangulia treni.
Namuuliza, dereva wake mtu wa wapi?
Mwende anacheka. "Haina dereva, mama. Inajiendea."

Nikanyamaza.
Inajiendea. Chini ya ardhi, gizani, haina jicho mbele,
inapapasa reli yake kama mimi na fimbo yangu,
na watu mamia wameikabidhi roho zao, wakasinzia.
Hakuna aliyeiuliza: utaweza peke yako?
Hakuna aliyeidaka mkono.

Behewa la wanawake. Udi, na mtoto anayetafuna chipsi kwa kelele.
Kati ya Ras na Ghubaiba masikio yanaziba:
tuko chini ya hori, maji juu ya vichwa vyetu,
na dirisha la kila mtu ni jeusi.

Nahesabu vituo kwa vifundo vya vidole. Cha nane ndicho changu.
Cha sita, simu inalia. Nasri.
"Uko na nani, mama?"
"Na kipofu mwenzangu. Ananipeleka Oud Metha."
Kimya. Kisha, polepole:
"Huyo kipofu... anaijua njia?"
"Kuliko wewe. Na usinipotezee hesabu,
nishaanza kidole kingine."